Achari Ndani ya Mtungi wa Warumi

Kavita hakuwa mtu wa kujisifu, ila kwa achari ya ndimu alijua hana mpinzani pale mtaani Milimani. Kila sikukuu ya Diwali aliwagawia majirani, na hata Mama Omolo wa nyumba ya pili alikuwa akibisha geti kuuliza kama imebaki. Achari hiyo aliiacha iive juani ndani ya mtungi mmoja tu, mtungi wa kioo cha kijani wenye tumbo pana, ambao mumewe Ashok alikuja nao kutoka London ndoa yao ikiwa bado changa.

"Ni wa Warumi wa kale," Ashok alimwambia siku ile. "Walihifadhia zeituni na matunda."

Kavita akaona basi, kazi ni ileile. Akautia ndimu.

Mwaka jana mpwa wake Jasmin, anayefanya kazi katika jumba la makumbusho Uingereza, alikuja kuwasalimia. Walikuwa wanakula chapati alipouona mtungi dirishani. Akaacha kutafuna.

"Anti, unakula kutoka kwenye mtungi huo?"

"Kwani Warumi hawakuweka chakula?"

"Waliweka. Vyombo vya kioo walivitumia kwa kila kitu, divai, mafuta ya kujipaka, matunda. Lakini vya jikoni vilivunjika vikatupwa. Vinavyofika kwetu vizima, vingi vimetoka makaburini. Walichoma maiti, wakatia majivu na mifupa ndani, wakafukia."

Kavita aliinuka akauchungulia. Chini kabisa, kwenye mviringo wa kitako, palikuwa na ukoko mweupe ambao miaka yote aliudhania chumvi. Ulikuwa mnene zamani. Sasa ulibaki utando tu. Ndimu ziliula taratibu, na yeye mwenyewe aliukwangua kwa kijiko kila achari ilipokaribia kwisha, kisha akakilamba kile kijiko.

Hakufika chooni. Alitapikia kwenye sinki, juu ya vyombo. Alisugua ulimi kwa mswaki mpaka ukatoa damu, na bado alihisi chembechembe kwenye meno.

Aliporudi, Ashok alikuwa angali anakula.

"Wewe ulijua?"

"Aliyeniuzia alinigusia. Lakini ulishaoshwa, Kavita. Mtu wa miaka elfu mbili atakufanya nini?" Akachovya chapati kwenye achari. Mafuta mekundu yakamteremka kidevuni, akayapangusa kwa kidole na kukinyonya.

Kavita alivaa glavu za kufulia, akamwaga achari yote, akakwangua ule utando huku akijizuia kutapika tena. Kesho yake yeye na Jasmin waliupeleka ule unga uliokwanguliwa Mto Njoro. Alimwombea mtu asiyemjua, mwanamume au mwanamke, kama ambavyo angemwombea wa kwao, akaumwaga penye maji yanayokwenda, kama desturi yao ilivyo kwa majivu ya marehemu. Mtungi wenyewe alimpa Jasmin auondoe nyumbani kwake.

Kisha akapita kwa majirani mmoja mmoja kuwaeleza. Mama Omolo alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa midomo kwa leso.

"Ai, Kavita! Na wajukuu wangu nikawapakia kwa mkate!" Akafunga geti. Siku hizi humsalimu kwa mbali.

Ashok anauliza kila mara achari nyingine itatengenezwa lini. Kavita humpikia, humwandalia, kisha huchukua sahani yake na kwenda kula jikoni, mlango umefungwa. Akimsikia tu anatafuna, hufungulia bomba la sinki sauti hiyo imezwe na maji.