Dobi wa Malaba na Kilio Kilichotoka Nje ya Mchezo

Saa moja kasorobo asubuhi, Syprose Nerima anapuliza makaa ndani ya pasi. Moshi unamwingia machoni. Anageuza uso, anafuta machozi kwa bega, anapuliza tena mpaka makaa yaive. Mbele ya kibanda chake malori yanayosubiri karatasi za ushuru yamejipanga karibu kufika stesheni ya reli, na madereva wanapiga mswaki kando ya magurudumu.

Anachovya vidole ndani ya kikombe cha maji, ananyunyizia shati jeupe la karani mmoja wa forodha, kisha anakandamiza pasi kwenye kola.

"Kola ndiyo mtu huangalia kwanza," anasema bila kuinua kichwa. "Mgongo ukikunjamana watasema ni kiti."

Nerima ana miaka thelathini na mbili. Ni dobi wa madereva na makarani hapa Malaba, kazi aliyoianza baada ya mumewe kufariki na kumwachia watoto wawili. Shati hufua na kupiga pasi kwa senti hamsini, ovaroli ya fundi kwa shilingi moja. Msimu wa mvua nguo hazikauki na mapato hupungua, lakini madereva hawakosekani barabarani, na vumbi halikosekani.

Watu wengi wa Malaba, hata hivyo, hawamwiti dobi. Wanamwita Mama wa Sanduku.

Jina hilo amelipata kwenye mchezo wa kuigiza ulioandikwa na Barnabas Okedi, mwalimu wa shule ya msingi kule Moding. Ni mchezo wa mama ambaye mwanawe alikwenda mbali kutafuta kazi, akarudishwa ndani ya sanduku. Mwishoni mama huyo huanguka kando ya sanduku na kulia. Anayelia ni Nerima.

Kwenye benchi la kibanda chake, mashabiki wa mchezo huo hubishana karibu kila siku. Leo wapo wawili. Mzee Ochom ni tarishi wa ofisi ya kupitisha mizigo, mtu wa tai na viatu vilivyopigwa rangi. Okwara ni dereva wa lori la saruji, mzaliwa wa Amukura, naye amekaa na fulana tu akingojea shati lake.

"Mchezo ni ukumbini," anasema Ochom. "Pale Busia, ukumbi wa kanisa, unakaa kwa benchi, unasikia kila neno. Uwanjani unasikia mbuzi."

"Wewe mzee unataka mchezo ama unataka misa? Pale kanisani watu wanaogopa hata kucheka. Wanaangalia padre kwanza. Padre akicheka ndio na wao wanacheka."

"Hiyo inaitwa adabu."

"Na mvua ikipiga ile mabati? Hilo neno lako unalisikia wapi?"

Ochom anakubali kidogo juu ya mabati. Wote wawili wanakubaliana kwamba godauni la pamba hapa Malaba halifai, kwa sababu sauti huingia kwenye magunia ikabaki huko. Lakini Okwara hajamaliza.

"Sisi watu wa Amukura tunajua kuangalia mchezo. Siku ile ng'ombe aliingia katikati, yule anayeigiza chifu akaamuru ng'ombe ashikwe, hajalipa kodi. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Utaipata wapi hiyo ukumbini?"

"Ng'ombe hakuandikwa na Mwalimu Barnabas."

"Ndio uzuri wake, boss."

Nerima anacheka kwa pua. Anapenda kuwasikiliza. Yeye mwenyewe anajua tofauti wanayoizungumzia, maana anaisikia mwilini. Ukumbini, anasema, kilio hugonga ukuta na kumrudia, naye hujua kimefika wapi. Uwanjani kilio hutoka na hakirudi.

"Lakini mimi nakuambia," Okwara anaendelea, "hakuna kama Mundika. Yule mama mzee aliyekuja kufungua sanduku! Nywele zilinisimama. Dada Nerima, yule mlimtoa wapi? Mbona hamkumleta Busia?"

Nerima anainua pasi na kutazama kama shati limeungua. Halijaungua.

"Alikuwa na kazi," anajibu.

Okwara haoni kitu. Anaeleza kwamba Jumamosi hii kikundi kinarudi Mundika kwa sababu watu wameomba, na kwamba yeye, karatasi zitoke zisitoke, atakuwa huko. Ni kweli watu wameomba. Jambo ambalo Okwara halijui ni kwamba Nerima hajamwambia mwalimu kama atakwenda.

Nerima alizaliwa Mundika. Mama yake, Eucabeth, bado analima hapo, mwendo mfupi kutoka uwanjani. Na mdogo wake Nerima, Ojiambo, alikuwa fundi wa magari ng'ambo ya mpaka, Tororo nchini Uganda. Alivuka mara ya mwisho mwaka wa 1972, akiwa amebeba soksi mpya mfukoni na mkate chini ya kwapa. Hakuna barua iliyokuja, wala mtu aliyemwona. Sasa ni mwaka wa 1976.

Katika nyumba ya Eucabeth hakuna aliyewahi kumlilia Ojiambo. Mama huyo alikataza tangu mwanzo. "Alisema mtu asiyeonekana hapigiwi kilio," anaeleza Nerima. "Ukimlilia, unamfungia njia ya kurudi. Basi tukanyamaza. Majirani nao wakanyamaza. Mwisho hata jina lake likawa halitajwi, kana kwamba tumefanya kosa."

Kila Desemba Eucabeth hutoa shati la kijivu la mwanawe kutoka ndani ya sanduku la bati na kumpa Nerima alifue. Halijavaliwa, lakini huchukua harufu ya kukaa. Nerima hulifua, hulipiga pasi, hasa kola, na kulirudisha.

Kuingia mchezoni hakukupanga. Alikuwa akiwafulia waigizaji nguo. Siku moja alipeleka mzigo Moding akawakuta wanahangaika, kwa kuwa msichana aliyeigiza mama ameolewa na kuhamia Nakuru. Walimu wawili wa kike walijaribu kulia.

"Walilia kama watu wenye mafua," anakumbuka, akitabasamu. "Mwalimu Barnabas akaniambia kwa utani, dobi, hebu jaribu wewe. Nikaweka nguo chini, nikapiga magoti. Kilichotoka sikujua kilikuwa ndani yangu. Nilipomaliza, mmoja alikwenda kuniletea maji."

Tangu hapo amelia Amukura, Busia, na ndani ya godauni la Malaba. Kila mara hurudi nyumbani mwepesi. Hakumwambia mama yake. Na kikundi kilipopangiwa Mundika, alidhani kwamba mtu akilia kwenye mchezo, kila mtu atajua ni mchezo.

Waliokuwa uwanjani walijua. Waliokuwa nje hawakujua.

Jumamosi ya mchezo huo wa kwanza Mundika, upepo ulitoka upande wa uwanja na kwenda upande wa kisima. Wanawake waliokuwa wakichota maji wakainua vichwa. Mmoja akasema, hiyo ni sauti ya Nerima, binti ya Eucabeth. Hawakuulizana zaidi. Kwao kulikuwa na jambo moja tu ambalo lingemliza Nerima namna hiyo: Ojiambo amepatikana, na ameletwa.

Waliacha mitungi, wakafunga leso viunoni, wakashika njia huku wakilia, kama inavyotakiwa ili wafiwa wajue kwamba unakuja. Mmoja alipita kwa Eucabeth kumwambia.

Nerima aliwasikia kabla ya kuwaona. "Nilikuwa nimeinama kwenye sanduku. Nikasikia kilio kinaingia kutoka nyuma ya watu. Nikadhani ni watazamaji wameguswa. Halafu nikasikia wanataja jina."

Watazamaji waliotoka Malaba na Amukura walipasuka kwa makofi. Walidhani kikundi kimeongeza wahusika. Wakafungua njia, wanawake wakapita, wakazunguka sanduku. Nyuma yao, peke yake, alikuja Eucabeth. Hakuwa na viatu. Mikono ilikuwa myeupe kwa unga wa muhogo. Hakuwa akilia.

"Wamemweka wapi?" aliuliza.

Nerima alibaki ameinama kando ya sanduku. Mama yake akampita, akashika kifuniko kwa mikono miwili, akakiinua.

Ndani mlikuwa na gunia la mchanga. Waigizaji huliweka humo kwa sababu wanaobeba sanduku tupu hutembea kama watu wanaobeba sanduku tupu.

Eucabeth alilitazama gunia hilo kwa muda. Alilishika, kama mtu anayepima ubora wa mahindi sokoni. Kisha akafunga kifuniko taratibu, akageuka, akaenda nyumbani. Makofi yalimsindikiza mpaka barabarani.

Mwalimu Barnabas hakupata usingizi siku hiyo. "Nimewahi kuota watu wakishangilia kazi yangu namna ile," anasema. "Nilitamani ardhi inimeze. Ningejua, tusingekanyaga Mundika." Wanakijiji walipoelezwa, waliondoka wakiwa wameinamisha vichwa. Waliotoka mbali waliondoka wakisimulia habari za mama mzee anayejua kuigiza.

Kwa wiki tatu Eucabeth hakutuma neno. Nerima aliendelea kufua. Mashabiki waliendelea kubishana. Ombi la kurudi Mundika likaja, naye akamwambia mwalimu ampe muda.

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, alikwenda nyumbani. Alimkuta mama yake nyuma ya nyumba akianika muhogo. Nerima akachuchumaa, akaanza kusaidia kugeuza vipande. Wakafanya kazi hivyo mpaka nusu ya mkeka.

"Mama, nisamehe."

"Kwa nini hukuniambia kwamba unalia huko?"

"Ulikataza."

Eucabeth akageuza vipande vingine. "Nilipokuwa njiani nilikuwa nimeshakubali," akasema. "Unasikia? Niliposhika kile kifuniko nilikuwa nimekubali kwamba ni yeye. Nikaona mchanga, nikamshukuru Mungu. Nikafika hapa nikakasirika. Si na wewe. Na nafsi yangu. Kumbe niko tayari, na nilikuwa nasema siko tayari."

Nerima akasogea kwenye nusu iliyobaki ya mkeka.

"Na wale wanawake," mama yake akaendelea. "Mimi nilidhani wamemsahau. Miaka minne mtu hamtaji mwanangu, nikasema basi, amekuwa wangu peke yangu. Lakini waliacha maji kisimani, Nerima. Mama Orwa mguu wake ni mbovu, na alikimbia."

Siku ya pili baada ya mchezo, anasema Nerima, wanawake hao walikuja kuomba radhi kwa Eucabeth, mmoja mmoja, wakaishia kukaa mpaka jua linatua wakisimulia habari za Ojiambo: alivyoiba miwa, alivyotengeneza baiskeli ya katekista ikaenda kinyumenyume. Walicheka. Kilio bado hakijaruhusiwa katika nyumba ile. Jina limerudi.

Alipokuwa akiondoka, mama yake alimsindikiza mpaka njiani na kumuuliza, "Mnakuja lini tena?"

Saa kumi alasiri karatasi za Okwara bado hazijatoka. Shati lake liko tayari lakini amebaki benchini, na Ochom amerudi kutoka ofisini kumalizia hoja ya ukumbi. Mwalimu Barnabas anafika na baiskeli, anaiegemeza kwenye nguzo, anawaamkia wazee, na kusimama tu. Hana haja ya kuuliza.

"Nitakwenda," Nerima anamwambia. "Lakini mama amesema watu watangaziwe kwanza. Atapita mwenyewe asubuhi, nyumba kwa nyumba na kisimani, awaambie leo mtamsikia Nerima analia, ni mchezo. Na anataka kiti mbele."

"Mama gani?" Okwara anauliza.

"Yule uliyetaka tumlete Busia. Ni mama yangu. Hakuwa akiigiza. Alikuja kumtafuta mtoto wake."

Anamweleza kwa maneno machache, akikunja nguo. Okwara anavua kofia, anaivaa, anaivua tena.

"Na mimi nilipiga makofi," anasema.

"Wote mlipiga. Hamkujua."

"Nilipiga kuliko wote, dada."

Ochom anakohoa. Mtu angetegemea aseme kwamba ukumbini mambo kama haya hayatokei, maana ukumbi una mlango na anayeingia anajua anaingia wapi. Pengine alikuwa na maneno hayo mdomoni. Anatazama viatu vyake, kisha anamwambia mwalimu kwa sauti ndogo kwamba ofisini kuna kiti chenye mgongo ambacho hakitumiki, anaweza kukiazima Jumamosi.

"Kwa hiyo unakuja uwanjani, mzee?" Okwara anauliza.

"Naleta kiti. Mimi napenda ukumbi."

Mwalimu akiondoka, Nerima anamwaga majivu ya pasi na kuanza kuanua nguo. Anasema ana mipango yake. Anaweka akiba ya kununua pasi ya pili, amwajiri mwanamke mmoja mjane wa jirani yake, ili Jumamosi asilazimike kufunga kibanda. Na angependa mwalimu aandike mchezo mwingine, wenye harusi ndani yake.

Kuhusu ukumbi na uwanja, hajawahi kuwaambia mashabiki wake anaegemea upande gani. Leo, huku kamba ikibaki tupu, anasema.

"Nilie ukumbini au nilie uwanjani, ni sawa, mradi watu wawe wameambiwa. Lakini siku Ojiambo akirudi sitaki ukuta. Nitasimama pale pale Mundika nipige vigelegele, na mtu yeyote asitangaziwe. Waache maji tena, wakimbie."