Datsun na Tuta la Langoni

Kwa miaka sita, kila Jumamosi asubuhi, majirani wa mtaa wa Satellite, Nairobi, waliamshwa na Datsun ya Mutiso. Mutiso hutoka na kikombe chake cha chai, huingia ndani ya gari, huwasha injini na kuiacha ingurume mpaka mabati ya nyumba ya kuku yatetemeke. Kisha huizima, humalizia chai yake na kurudi ndani. Gari halikwenda popote. Lilikuwa limekalia mawe manne kando ya ukuta, jekundu, pua ndefu, la aina ile ya Z iliyoshinda Safari Rally yeye na mkewe walipokuwa watoto. Matairi yake yalilazwa pembeni, yamepasuka kama visigino vya mtu anayelima bila viatu.

Mwanzoni mwa mwaka wa 2004 Mutiso alihama, akaenda kuishi na mwanamke mwingine upande wa Embakasi. Alibeba nguo zake, redio na kitanda cha wageni. Datsun ilibaki kwa kuwa haikuwa na miguu. Jumamosi iliyofuata Nyokabi, mkewe, alijikuta ameketi kwenye usukani na leso juu ya nguo za kulalia, anawasha injini. Hakujua kwa nini. Labda hakutaka majirani wajue mapema. Labda mwili hushika desturi hata ambayo si yake. Aliiacha ingurume, akaizima, akaingia ndani kusahihisha vitabu.

Nyokabi alikuwa mwalimu wa sayansi kimu katika shule ya wasichana, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, futi ya kushonea shingoni mchana kutwa kama daktari na vyombo vyake. Watu walingoja alie. Dadake alikuja kutoka Limuru akalala naye juma zima, akingoja. Nyokabi mwenyewe alingoja. Chakula kilipita kooni bila ladha, kengele ya shule ikalia, wasichana wakasimama na kuketi, naye akafundisha kupinda ukingo wa gauni kwa sauti ileile ya kila mwaka. Ndani yake mlikuwa kimya, kama nyumba ambayo stima imekatwa na watu wamezoea giza.

Hatimaye Mzee Musembi, baba mdogo wa Mutiso, akaitwa kutoka Machakos ili agawanye mambo. Hakuchukua muda. Nyumba ya Satellite ni ya mama na watoto walioko bweni. Shamba la Machakos ni la Mutiso. Ikabaki Datsun.

"Hiyo ni yangu," Mutiso akasema. "Niliinunua kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Kila mtu anajua."

"Na mbona hukuondoka nayo?" Mzee akauliza.

"Haina tairi, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za El Nino."

Mzee Musembi akacheka mpaka akakohoa, Nyokabi akamletea maji. "Nimeona mtu akingoja mvua," akasema akipangusa macho. "Nimeona mtu akingoja cheo. Mtu wa kungoja tairi miaka sita, leo ndiyo mara yangu ya kwanza."

"Si tairi tu, baba. Ni saizi yake. Gari kama hii haivalishwi vitu vya ovyo. Saizi hiyo ilishaacha kuletwa Kenya."

Mzee akamgeukia Nyokabi. "Na wewe, mama? Unaitaka?"

Katika ndoa yao yote Nyokabi alikuwa amekaa kiti cha kushoto. Leseni anayo, gari la shule huliendesha likipungukiwa na dereva, lakini Datsun, Mutiso alisema, si gari ya akina mama. Aliitazama kupitia dirishani. Akaona akilini breakdown, lori la kukokota magari, ikiingia, ikiinua ile pua nyekundu kwa mnyororo na kuiburuta nje huku majirani wamesimama, kama walivyosimama siku ile ya kitanda cha wageni. Akagundua kwamba hilo hataki. Kilikuwa kitu cha kwanza kukitaka au kutokitaka tangu mwaka uanze.

"Ikitoka hapa," akasema, "nataka itoke nami."

"Haya basi," Mzee akaamua. "Jumapili ya mwisho ya mwezi nitarudi. Mama akiitoa kwa lango, inatembea yenyewe, yeye kwa usukani, ni yake. Ikishindwa, Mutiso, lete breakdown uibebe, na hiyo kelele ya Jumamosi iishe."

Mutiso akakubali haraka mno. Alikuwa anatabasamu.

Nyokabi alianzia Kangemi, kwa Ajwang, fundi wa matairi aliyewazibia wakazi nusu ya pancha zao. Ajwang akasoma namba kwenye tairi kuukuu, akakuna kichwa. "Mathe, hii saizi ni ya museum. Lakini ringi ni kumi na nne, na kumi na nne ninayo. Ya matatu." Akapiga teke tairi zito lililoegemea kibanda. "Hii ilikuwa inabeba watu kumi na wanane. Sheria mpya imekuja, sasa inabeba kumi na wanne. Itashindwa na mwalimu mmoja?"

Bei ya tairi hilo ilikuwa nzuri na meno yake bado marefu. Hivyo ndivyo Nairobi ilivyofikiri wakati ule: kilichofaa matatu kilifaa kila kitu. Wakaenda nalo Satellite, Ajwang akalifunga mbele upande wa kushoto, akashusha jeki. Gari likasimama bega moja juu. Nyokabi akakata usukani. Krrr. Tairi likasugua madigadi kama paka anayekwaruza mlango.

"Ukienda moja kwa moja haina shida," Ajwang akasema.

"Na nikifika kwa kona?"

"Kwani Nairobi iko na kona ngapi?"

Nyokabi hakucheka, ingawa alijua ni mahali pa kucheka. Kijia cha nje kilikuwa chembamba. Atokaye langoni ilibidi akate kushoto mara moja au aingie ukuta wa jirani. Ajwang akalifungua tairi lake bila kinyongo. Alipokuwa akilivingirisha nje akasimama langoni, akaangalia chini.

"Lakini mathe, hapa ndipo hiyo ndefu ingekusaidia. Ukiweka fupi, tumbo litakalia hii kitu."

Kitu chenyewe kilikuwa tuta la saruji. Mvua za El Nino zilipoleta maji ya kijia mpaka sebuleni, Mutiso alilijenga kwa mikono yake chini ya lango, upana wote, gumu na la kuchongoka. Lilizuia maji. Gari nalo lilikuwa bado halijapita juu yake hata siku moja: matairi yalikufa lingali ndani. Nyokabi akachuchumaa, akavua futi shingoni. Alipima kimo cha tuta, kisha akalala chali kwenye vumbi, sketi na yote, akapima sehemu ya chini kabisa ya gari, pale bomba la moshi linapopita, na jinsi ingekuwa juu ya tairi la zamani. Nafasi kati ya tumbo na tuta ingekuwa kama vidole viwili.

Jumatatu baada ya shule alishuka mjini, barabara ya Kirinyaga, kwenye duka la matairi ambalo jina la babu mwenye duka bado liliandikwa juu ya mlango. Mjukuu, kijana mnene aitwaye Sunny, alikuwa anakula karanga juu ya rundo la matairi.

"Datsun ya Z?" Sunny akaacha kutafuna. "Madam, dadi wangu aliuzia hiyo gari tairi mpaka kidole kikaota sugu. Wenye Z siku hizi hukuja hapa wakilia. Wewe hulii?"

"Bado."

"Sawa. Kaa hapo nikuonyeshe."

Akamwonyesha kwamba namba za tairi si fumbo. Ya kwanza ni upana. Ya mwisho ni ringi, mahali tairi linapokalia, na hiyo haibadiliki. Ya katikati ndiyo watu wanaisahau: kimo cha ubavu, kikihesabiwa kwa upana wake. Nyokabi akaelewa kabla hajamaliza. Kiuno kikibaki kilekile, sketi yaweza kuwa pana au nyembamba, ndefu au fupi, na mvaaji bado akaingia ndani yake.

"Kwa hivyo siyo lazima ile namba ya zamani," akasema.

"Nani alisema ni lazima?"

Nyokabi akavua futi shingoni.

Sunny akavuta matairi mawili. "Hii, mia na tisini na tano kwa sabini. Imepanuka kidogo, lakini kimo chake ni karibu kilekile. Hii ni dada ya ile yako, tumbo moja. Shida ni bei yake ni ya matajiri wa Loresho, na hii moja ni ya kuonyesha tu. Zingine nitaagiza Dubai, zifike mwezi ujao mwisho."

"Na hiyo?"

"Mia na themanini na tano kwa sabini. Hii ni binamu. Kila gari ya Caldina Nairobi imevaa hii, kwa hivyo ni bei ya watu. Itaingia, itageuka, haitasugua. Lakini ni fupi. Gari itashuka, na spidomita itakudanganya: itasema unakimbia kuliko unavyokimbia."

Nyokabi akazungusha futi yake kwenye lile la binamu, Sunny akimtazama kama mtu anayeona tairi likishonewa suruali. Akapima pia kimo chake kutoka sakafuni. Gari lingeshuka unene wa kidole kimoja. Kingebaki kidole kimoja juu ya tuta, gari likiwa tupu, spring za zamani zikikubali, mwendeshaji asipokuwa mzito. Aliwaza tairi la dada, zuri, litakalofika breakdown ikiwa imeshalibeba gari. Aliwaza kwamba Mutiso alikuwa amepita mbele ya maduka haya miaka sita, na la binamu lilikuwa limepangwa hapa hapa mlangoni.

"Nipe nne za binamu," akasema.

"Usizidishe spidi ya mia moja na themanini nazo, madam."

"Sijawahi kuiendesha."

"Basi tuko salama."

Jumapili ilifika na jua kali. Ajwang alikuwa ameyafunga matairi na kuyajaza upepo zaidi kidogo ya desturi, kwa amri ya mwalimu. Datsun ilisimama chini, imejikunja kidogo. Mzee Musembi alikuja na kofia yake ya kanisani. Mutiso alikuja na breakdown, ikaegeshwa kijiani, dereva wake akisoma gazeti. Majirani walikumbuka kwa ghafla kwamba nguo zao zahitaji kuanikwa nje.

Mzee akaingia kiti cha kushoto na kufunga mlango.

"Baba, shuka," Nyokabi akamwambia.

"Mimi ndiye shahidi!"

"Utashuhudia ukiwa chini. Wewe ni mzito."

"Mnasikia?" Mzee akawapigia kelele majirani, akitoka. "Nimefukuzwa na mke wa mtoto wangu!"

Wakacheka. Nyokabi akawasha injini, ule mngurumo wa Jumamosi, akatoa breki ya mkono. Gari likatembea. Mikono yake ilikuwa mikavu kabisa. Akaliona tuta likija chini ya pua ndefu mpaka likapotea, akajua kwamba akilipanda wima, magurudumu ya mbele yatashuka ng'ambo na tumbo litakaa juu kama mtu juu ya ukuta. Kidole kimoja hakikutosha, spring zikishuka kwa uzito wake mwenyewe. Alikuwa amelijua hilo tangu usiku, akilifikiria bila hofu, kama hesabu ya mtu mwingine.

Kitambaa kikikataa kunyumbuka, huwaambia wasichana wake, usikivute, kikate mshazari.

Akarudi nyuma, akaligeuza gari kidogo upande, akaja kwa pembe. Gurudumu la mbele la kushoto likapanda peke yake, likashuka. Kisha la kulia. Gari likayumba kama mlevi anayevuka mtaro. Halafu chini ya kiti chake chuma kikasugua saruji, mlio mrefu, na Mutiso akasema, "Hapo!" Nyokabi hakukanyaga mafuta zaidi wala hakuyaachia. La nyuma likapanda, mlio ukakoma. La mwisho likashuka. Akakata kushoto mpaka mwisho, pua ikapita ukuta wa jirani, na Datsun ikasimama kijiani, mbele ya breakdown, ikinguruma.

Majirani walipiga makofi. Ajwang alipiga mluzi. Mutiso alikuja polepole, hakumwangalia Nyokabi. Akachuchumaa kando ya gurudumu, akaweka kidole juu ya namba.

"Hizi ni za Caldina," akasema.

"Ndiyo."

"Spidomita itakudanganya."

"Nimeambiwa."

Akabaki amechuchumaa, kidole palepale. "Hizi ziko kila duka," akasema, na haikuwa wazi anamwambia nani.

Dereva wa breakdown akakunja gazeti. "Mkubwa, tunabeba ama hatubebi? Mimi nitalipwa hata kama ni ya kusimama."

Mzee Musembi alikuwa ameshaingia kiti cha kushoto bila kuulizwa. "Mpeleke baba yako akanunue miwa Kangemi," akasema.

Wakafuata barabara ya Naivasha, wakatokea Uthiru, wakaingia Waiyaki Way na kuteremka. Sindano ya spidomita ilisema themanini. Nyokabi alijua ni chini ya hapo. Upepo uliingia dirishani. Alikuwa amedhani kwamba hapa kitu kitakuja, furaha au yale machozi ambayo kila mtu aliyangoja, akakisubiri kama mtu anayesubiri birika lililowekwa juu ya jiko ambalo hana hakika kama limewashwa. Kilichokuja ni mtetemo wa usukani viganjani, mdogo, wa kweli.

"Unasikiaje?" Mzee akauliza.

"Sijui bado, baba."

"Basi endesha."

Wakapita Kangemi na miwa yake, Mzee akigeuka tu kuiangalia. Penye njia ya Loresho Nyokabi akapunguza mwendo, akakata kona bila kuwa na mtu yeyote wa kumtembelea huko. Akasikiliza. Hakukuwa na kilichosugua. Mbele, barabara ilipopanuka kidogo chini ya miti, akazungusha usukani mpaka mwisho, gari likageuka lote kwa mkupuo mmoja, akasikiliza tena, mtetemo ule ungali viganjani mwake.