Mwalimu Gitobu na Neno Kali

Kwa miaka thelathini na moja Gitobu alifundisha Kiswahili katika shule ya msingi karibu na Mitunguu, na hakuna mtoto aliyemwogopa. Akipita lango lililoandikwa "Mbwa kali," alikuwa akitoa chaki mfukoni na kuongeza ile m iliyokosekana. Somo alilolipenda zaidi lilihusu neno hilo.

"Si la Kiarabu," aliwaambia wanafunzi. "Ni la Wabantu, la kale kuliko vijiji vyetu. Jua ni kali, pilipili ni kali, kisu ni kikali, simba ni mkali. Hata bingwa wa hesabu mnamwita mkali. Kwa nini?"

Kisha akajijibu mwenyewe:

"Kwa sababu ukikutana na chochote kati ya hivyo, huwezi kusema hukukiona."

Alipostaafu, alilima ndizi na mkewe Karwirwa. Mwaka wa tatu akaanza kusahau: alipoweka jembe, njia ya kwenda mferejini, majina ya wanawe. Halafu hasira ikaja. Alimfukuza fundi wa maji kwa panga. Akamwaga uji akidai umetiwa sumu. Majirani wakanong'ona kwamba mwalimu amekuwa mkali.

Daktari alisema ni ugonjwa wa ubongo. Karwirwa akaficha panga chini ya magunia, akavumilia. Asubuhi moja, Karwirwa alipokuwa akimfunga vifungo vya shati, Gitobu alimsukuma ukutani, mkono ukavunjika.

"Karwirwa, wewe ni mwizi," alimwambia.

Binti yao Mwendwa akaja kutoka Embu. "Mama, siku moja atakuua."

"Bado analijua jina langu."

"Mama."

Wakampeleka kwa masista wanaotunza wazee, nje kidogo ya mji wa Embu. Dawa zikamtuliza. Kila Alhamisi Karwirwa huenda kumwona, na Gitobu humvutia kiti, humshukuru kama mgeni aliyetumwa na kanisa.

Wiki iliyopita alimuuliza, "Mama, una bwana?"

"Ninaye."

"Ni mtu mwema?"

Karwirwa alimenya ndizi, akampa nusu. "Mwema sana."

Gitobu akala, akatabasamu. "Basi usichelewe kurudi. Atakuwa anakungoja."

Karwirwa alibaki amekaa mpaka sista alipokuja kumwambia kwamba saa za wageni zimekwisha.