Ukurasa Uliorukwa

Kabla ya kiharusi, baba yake Mama Pazia alikuwa muuza nyama, na mtaani kote hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Redio. Akikupimia nyama alikuwa anakupigia na soga, na soga zake zilikuwa tamu mno. Mtu ulifuata maini, ukafika nyumbani na mbavu, ukakosa hata wa kumlaumu maana bado ulikuwa unacheka. Alikuwa na kisa cha kila kitu: ng'ombe aliyeingia benki, bwana harusi aliyekoroma mbele ya wageni, jirani aliyemzika kuku kwa heshima zote.

Asubuhi moja alianguka nyuma ya meza ya bucha, kisu bado kiko mkononi. Aliporudi kutoka hospitali, upande wake wa kulia ulikuwa umelegea kama nguo iliyolowa, na mdomo hautoi neno. Mama Pazia, bintiye mkubwa, akamchukua kwake.

Jina hilo la Mama Pazia alipewa na wateja wake. Alikuwa akishona mapazia ya nyumba za watu na ofisi, akienda mwenyewe na futi yake shingoni kupima madirisha. Cherehani ilikaa sebuleni, na kitanda cha baba akakiweka humo humo, ili ashone huku jicho moja liko kwa mgonjwa. Alimwogesha, akamlisha supu kwa kijiko, akamgeuza ubavu huu na ule. Akimwita, mzee anatazama dari. Akimuuliza kama ana kiu, anatazama dari. Mwisho akaacha kuuliza, akawa anamnywesha maji kwa kukadiria.

"Mzungumzishe," muuguzi aliyekuwa akija kumnyoosha viungo alimwambia.

"Nimzungumzishe nini, dada? Mwenyewe hajibu."

"Ukikosa la kusema, msomee kitabu. Hata sauti tu inasaidia."

Mama Pazia hakuwa mtu wa vitabu. Tangu amalize shule, alichosoma kwa makini ni vipimo. Lakini agizo la hospitali kwake lilikuwa agizo, basi siku aliyokwenda kununua uzi akapitia maktaba.

Mkutubi alikuwa bwana mpole mwenye sweta lililotoka nyuzi viwikoni. Aliposikia kwamba kitabu ni cha kumsomea mzee mgonjwa, alimpeleka moja kwa moja kwenye rafu ya riwaya za zamani, zile zinazosifiwa na wengi na kuazimwa na wachache.

"Hizi ndizo zenyewe, mama," alisema akizifuta vumbi kwa mkono wa sweta. "Zimekula chumvi nyingi kuliko mimi na wewe."

Akabeba ya kwanza. Ilihusu koo mbili zilizogombania shamba, na kabla koo hizo hazijafikishana mahakamani, msomaji mwenyewe alishasinzia na kitabu kimemdondokea mapajani. Ya pili ilikuwa ya bwana mmoja tajiri aliyetembea bustanini akiwaza. Alitembea sura nzima. Mama Pazia alisoma kwa sauti ileile anayosomea bei za vitambaa, na baba yake akatazama dari.

Jumapili alikuja kaka yake, muuza matairi, mtu wa haraka anayekaa kwenye ukingo wa kiti kama aliyeacha gari barabarani likiwa linanguruma. Kila alipokuja, mazungumzo yalikuwa yaleyale, na yalifanyika palepale, juu ya kitanda, kama watu wanaozungumza juu ya meza.

"Dada, tukubali tu. Baba hayupo tena. Huu tunaoutunza ni mwili."

"Muuguzi anasema tungoje."

"Tungoje nini? Lile bucha linaoza. Gogo la kukatia nyama nimeshampa yule mwenzake wa sokoni, amelichukua jana. Na tukubaliane mapema atazikwa wapi. Mimi naona karibu na mama, kama bado kuna nafasi."

"Nafasi ipo," Mama Pazia alijibu akikata uzi kwa meno. "Niliiona nilipokwenda kufyeka majani."

Walizungumza hivyo, bila chuki yoyote, kama watu wanaopanga kuhamisha kabati. Na siku moja katikati ya wiki, baada ya usiku wa kubadilisha mashuka na mchana wa mteja kurudisha pazia zima kwa sababu marinda yamepishana, Mama Pazia alisimama na beseni mkononi, akamwangalia mzee, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mungu angekuchukua tu, baba. Tungepumzika wote." Kisha akaenda kumwaga maji.

Aliporudi maktaba, alimwambia mkutubi kwamba zile riwaya zake za zamani zimemshinda.

"Mzee hazipendi?"

"Mzee hana anachopenda. Ni mimi ndiye ninayelala. Sasa nataka kitabu cha kuniweka macho mimi."

Akazunguka rafu peke yake. Njia yake ya kuchagua ilikuwa ile ya kuchagua kitambaa: anashika, anakunjua kidogo, akihisi chepesi anarudisha. Alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama. Kama angeweza kuuacha, aliuacha. Alirudisha cha mapenzi, akarudisha cha mpelelezi, na hatimaye akajikuta kona ya chini, nyuma ya atlasi, na kitabu cha mizuka mkononi, amefika ukurasa wa nne bila kujua, na mtoto wa shule anamwomba apishe.

Mkutubi alikitazama kile kitabu, halafu akamtazama yeye. "Mama, mgonjwa na mizuka?"

"Mgonjwa hasikii, baba. Niandikie."

Hadithi ilikuwa ya mwanamke aliyepanga chumba katika nyumba ya zamani. Kila jioni alisikia mtu anachana nywele upande wa pili wa ukuta, taratibu, kana kwamba nywele hizo hazina mwisho. Na upande wa pili wa ukuta ule hapakuwa na chumba. Mama Pazia alianza kuisoma alasiri moja, akiwa na kazi ya pazia zito la ukumbi, akajiambia atasoma kidogo tu. Pazia lililala chini ya cherehani hadi alasiri ya pili. Sauti yake ilibadilika bila yeye kutaka. Mwenye nyumba wa hadithini akampa sauti ya kizee, na chanuo akaliigizia kwaruzo lake. Alisogeza kiti karibu na kitanda kwa sababu aliogopa kukaa mbali na mtu, hata mtu wa namna hiyo.

Mpangaji akapata ufunguo. Akafika kwenye mlango mdogo uliofichwa nyuma ya kabati. Akaufungua. Mama Pazia akageuza ukurasa, na macho yake yakatangulia mdomo: ndani ya kile chumba palikuwa na kitanda, na kitandani mwanamume aliyekufa siku nyingi, macho yake yako wazi yakitazama dari.

Akafunga mdomo. Akamtupia baba yake jicho. Hata kama hasikii, alifikiri, si maneno ya kusoma mbele ya mtu aliyelala hivi. Akafunua ukurasa uliofuata, akaendelea kana kwamba hakuna kilichopungua: "Alikuwa anakimbia barabarani, viatu ameviacha..."

"Umeruka."

Mama Pazia aligeuka mlangoni. Hakukuwa na mtu. Aliangalia dirishani, barabara ilikuwa tupu, mbwa tu amelala kivulini. Kwa kitambo aliamini, mtu mzima mwenye kazi yake na wateja wake, kwamba kile kitabu kimemjibu.

Kisha akamtazama baba yake. Mzee hakuwa anatazama dari. Alikuwa anamtazama yeye, na upande wa kushoto wa mdomo ulikuwa ukihangaika kama mtu anayetafuta mlango gizani.

"Ali... fungua," alisema mzee. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, ya mtu mwingine. "Ndani... nini?"

Mama Pazia hakupiga kelele. Hakuita jirani. Hakujua afanye nini, basi akafanya alichoombwa: akarudi nyuma ukurasa mmoja, akasoma kitanda, akasoma maiti, akasoma macho yaliyotazama dari. Baba yake alisikiliza hadi mwisho, akashusha pumzi, akafumba macho kama aliyeshiba.

Mama Pazia alikwenda jikoni, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Furaha haikumjia. Ilimjia Jumapili ya kwanza, na ya pili, na zote. Ikamjia nafasi karibu na mama. Gogo. Yale maneno ya beseni yalikuja mwisho. Miezi yote ile mtu alikuwa amelala pale pale, anasikia, na wao wakimpita kwa maneno kama watu wanaoruka dimbwi.

Alimpigia kaka yake simu.

"Baba amesema."

"Amesema nini?"

"Amesema nimeruka."

"Umeruka wapi? Dada, umekula?"

"Nilikuwa nasoma, nikaruka ukurasa, akasema nimeruka. Anafuata hadithi. Anafuata kila kitu. Unanielewa? Kila kitu."

Upande wa pili ilisikika sauti ya tairi linaloangushwa.

Muuza matairi alifika na ovaroli yake ya kazi, mikono bado myeusi. Safari hii hakukaa ukingoni mwa kiti wala popote. Alisimama miguuni mwa kitanda kama mwanafunzi aliyeitwa na mkuu wa shule.

"Shikamoo, baba."

Mzee alimtazama muda mrefu. Mdomo ulihangaika, ukakosa, ukaanza upya. Wote wawili waliinama, kila mmoja kwa hofu yake.

"Gogo langu," alisema Redio.

Yule mtu mzima aliyezoea kubishana na madereva wa malori aligeukia mlango. Alitoka bila kuaga, na kabla jua halijazama alirudi na mkokoteni na watu wawili, na gogo likaingizwa ndani ya sebule ya fundi mapazia, zito, lenye makovu ya visu, likinuka nyama ya zamani. Mzee alinyoosha mkono wa kushoto akaligusa.

Mama Pazia alikaa siku kadhaa akimhudumia bila kuthubutu kumtazama machoni. Alisoma tu. Alipomaliza hadithi ya chanuo akaingia ya pili, ya mzuka wa shule, na katikati ya sentensi akajikaza kisabuni, akashusha kitabu.

"Baba. Siku ile ya beseni. Nilichosema, ulisikia?"

"Nilisikia."

"Nisamehe, baba. Nilikuwa nimechoka, sikuwa na akili zangu."

Mzee alitafuta maneno yake moja moja, kama mtu anayeokota vifungo vilivyomwagika.

"Hata mimi," alisema. "Niliomba hivyo. Kila siku." Akapumzika. "Ile hadithi... ya chanuo. Ndipo nikataka... kujua mwisho."

Hilo lilimshtua Mama Pazia kuliko neno la kwanza. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, au kwa msamaha. Hakujiandaa kusikia kwamba walikuwa wakiomba kitu kimoja, kila mmoja upande wake wa kitanda, na kwamba aliyewaachanisha na ombi hilo ni mzuka wa kitabuni. Alimshika mkono ule ulio hai, akaulaza shavuni mwake, wakakaa hivyo mpaka mzee akaona imetosha.

"Soma," akasema.

Redio hakurudi kuwa Redio. Maneno yalikuja machache, mengine yakavaa maana isiyo yake: chai aliiita kiatu, na muuguzi alimwita tiketi, naye muuguzi akaitika. Lakini kuchagua vitabu sasa kukawa kazi ya wawili na chanzo cha ugomvi. Mama Pazia aliazima vitatu, akasoma ukurasa wa kwanza wa kila kimoja, na mzee akatoa hukumu kwa mkono wa kushoto. Kumbe riwaya za zamani hazikumchukiza. Alichochukia ni usomaji. "Unasoma... kama risiti," alimwambia, na Mama Pazia alinuna mpaka jioni. Mizuka ilipokwisha rafuni, mzee alidai koo mbili na shamba lao, zisomwe tangu mwanzo na sauti zao. Jumapili zilikuwa za muuza matairi. Alisoma vibaya, akiruka nukta kama matuta ya barabarani, na baba yake alimrudisha nyuma kila mara. Akarudi, tena bila kunung'unika.

Muda si mrefu baadaye Mama Pazia aliitwa kupima madirisha katika nyumba moja kubwa. Mwenye nyumba, mwanamke msafi wa mavazi na mwepesi wa kauli, alimpitisha chumba hadi chumba. Katika chumba cha nyuma alilala bibi kizee, mama mkwe wake, uso umeelekea ukutani.

"Hapa weka kitambaa chochote cha bei ya chini," alisema mwenye nyumba kwa sauti kamili. "Huyu hajui tena usiku wala mchana. Na hatutakuwa naye sana."

Futi ilimteleza Mama Pazia mkononi. Alizunguka kitanda hadi upande wa ukuta, akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa yule bibi.

"Shikamoo, bibi. Mimi ni fundi mapazia. Nina kijani na nina rangi ya maziwa. Unataka ipi?"

"Nimeshakwambia, hasikii," alisema mwenye nyumba.

"Sawa, mama. Namngoja kidogo tu."

Akatoa vipande viwili vya kitambaa mfukoni, akavitandaza juu ya shuka, karibu na vidole vya bibi, akabaki amechuchumaa pale.