Maji ya Maoulida na majimbi yangu

Mdogo wangu Maoulida hakuwahi kuwa mtu mkubwa, na waliosoma hawataandika habari zake. Basi naandika mimi, dada yake Zainaba, kwa herufi chache nilizotoka nazo chuo cha Kurani.

Miaka kumi na minane kazi yake ilikuwa moja. Kila asubuhi hupanda kutoka Patsy, kijiji chetu kisiwani Nzuani, mpaka penye banio la mto, huingia majini hadi magotini, akaopoa majani na vijiti vilivyonasa kwenye wavu wa chuma, ili maji yashuke bombani yakazungushe mashine ndogo ya umeme. Mashine ile iliwasha taa za Patsy tu. Mji wa Mutsamudu uliwashwa na mashine za dizeli, na mafundi wa huko walimwita Bwana Majani.

"Bwana Majani, leo umetuletea taa ngapi?"

"Za kukuonyesha ulivyo mchafu," huwajibu, maana wao walipakaa oili mpaka masikioni.

Mimi wakati huo nilikuwa Moroni, kisiwa kingine. Nilishushwa huko mwaka sabini na saba, tulipofukuzwa Majunga, Madagaska, na nguo za mwilini tu, nikauza vitambaa nikapata nyumba nyuma ya ukuta wa mashine za mafuta. Kwa hiyo umeme wa mafuta sikuhadithiwa. Nikianika shuka jeupe naanua la kijivu. Oili iliyochoka ilimwagwa mtaroni, ikateremka mpaka baharini. Na meli ya mafuta ikichelewa siku nne, mji mzima unapapasa ukuta.

Umeme wa jua nao niliuona Ntsoudjini, kwa shoga yangu Noussaïba. Mwanawe Faouzi alileta paneli kutoka Ufaransa. Miaka mitatu taa safi, hakuna kelele. Kisha betri zikafa, zikatupwa nyuma ya nyumba, mbuzi wawili wakaramba maji yake wakafa. Mpaka leo hakuna wa kuzichukua.

Maoulida alipokuja kunitembelea nikamweleza yote hayo. Akacheka.

"Dada, maji yangu hayaachi uchafu, wala hayanunuliwi."

"Kitu cha bure sijakiona sokoni," nikamwambia.

"Maji hayaendi sokoni."

Kisha Nzuani ikajitenga na serikali ya Moroni, na baada ya mwaka na kitu watu wa Moroni wakatugeukia sisi wenye asili ya Nzuani. Waliokula kwangu sikukuu ndio waliosimama mlangoni na marungu. Nikarudi kwetu na binti yangu Nouriat na wanawe watano. Sikuomba chakula kwa mtu. Nikaingia shamba la marehemu mama, juu ya banio la Maoulida, nikachimba mfereji kutoka mtoni, nikapanda majimbi.

Mwaka uliofuata tukawekewa vikwazo kwa kule kujitenga. Meli za mafuta hazikuja. Bandarini wachukuzi wakakaa kutwa wakicheza bao, na mashine za dizeli zikanyamaza moja baada ya moja. Hapo ndipo walipomkumbuka Bwana Majani. Daktari alipanda Patsy kwa miguu, akasema majokofu ya chanjo yamebaki kwa Mungu na kwake. Ndugu yangu alivaa kanzu yake ya Ijumaa siku ya Jumatatu. Wakaunganisha nyaya mpaka hospitali, na siku tisa majokofu yakawaka kwa maji yake. Wale mafundi walimwita Bwana Maoulida.

Siku ya kumi mashine ikaanza kuchechemea. Ilikuwa kiangazi. Akaja shambani kwangu, akasimama kando ya tuta.

"Dada, mfereji wako."

"Una nini?"

"Uufunge. Wiki mbili tu. Maji yanafika bombani hayana nguvu."

"Na hawa wajukuu wale nini? Wale taa?"

"Chanjo za watoto zitaharibika."

"Hawa wangu ni kuku?"

Akatazama mtoni. Nami sikumwachia. "Si ulisema maji yako hayanunuliwi? Leo umekuja kuyanunua kwa majimbi yangu."

Aliinama, akaenda zake.

Nilikaza siku tatu. Siku ya nne Nouriat akaniambia mjomba wake amelala ndani ya mto, anachota mchanga banioni kwa mikono ili maji yapite. Nikachukua jembe, nikaziba mfereji kwa mawe na udongo, nikaukanyaga mpaka ukashikamana.

Mashine ikazunguka siku mbili. Kisha ikasimama.

Maoulida alipanda mpaka chemchemi akaone kulikoni. Msitu wa juu ulikuwa umekwisha, na chemchemi nayo inadondoka tu. Watu walikuwa wakikata miti ya kuchemshia maua ya mlangilangi kupata manukato miaka yote, na mafuta ya taa yalipokosekana wakakata na ya mkaa. Kuni za jikoni kwangu zilitoka hukohuko, sitaficha. Mfereji wangu ulikuwa kikombe tu. Hata ningeufunga tangu siku ya kwanza, mto ungekauka.

Chanjo zilimwagwa. Daktari hakumlaumu, na mafundi hawakumtania. Ingekuwa nafuu wangemtania.

Baada ya wiki akaja tena.

"Fungua mfereji, dada. Haina haja tena."

"Nimeufunga kwa mkono wangu. Sifungui."

"Majimbi yanakufa."

"Yafe."

"Utamkomoa nani?"

Akachukua jembe kwenye mkono wangu, sikulishikilia, akabomoa udongo, akang'oa mawe moja moja. Maji yakaingia membamba kama uzi. Yakatambaa hatua sita, saba, yakanywewa na ardhi kabla ya kufika tuta la kwanza.

"Labda yatafika," akasema.

Tukasimama pale mpaka adhuhuri, tukitazama mahali yalipoishia.