Nyumba Isiyolaliwa

Pale gari lilipokuwa likisimama nyasi zimebaki manjano, na kimya chake kinamkera Jerusha kuliko ngurumo zake. Mumewe, dereva mstaafu, alinunua gari kuukuu la mikate huko Homa Bay, akatia stovu ya mafuta ya taa na blanketi, akawa hakai nyumbani. Akirudi, hupigilia misumari michache kwenye nyumba yao mpya, hupangusa viganja kwenye suruali, kisha huenda kugusa magurudumu kwa kidole gumba, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Usiku hulala garini, hapo hapo uani. Na mila ya Waluo haina mchezo: baba asipolala katika nyumba mpya, mwana hawezi kujenga yake; na mwenye kulala humo, siku yake ikifika, huzikwa hapo hapo. Odero, kifungua mimba wao, ana mchumba aliyechoka kungoja.

Juzi seremala alileta mlango, kitu pekee kilichokuwa kimebaki.

“Haya, Baba Odero, utundike, ulale ndani leo,” Jerusha alisema. “Au umelioa gari?”

Mumewe alicheka, akashika bawaba, na mikono ile inayofungua injini bila kutazama ikaiachia.

“Mama Odero, nikilala humu nimechagua pa kuzikwa.”

“Na mimi je, nilichagua lini?”

Baba Odero aliubeba mlango mgongoni hadi garini, akisema bawaba zinataka kurekebishwa mjini.

Sasa yuko Karungu, kando ya ziwa. Wachuuzi wa samaki wanasema ameulaza mlango ndani ya gari, na ndio kitanda chake.