Ya Mwisho Kupakiwa, ya Kwanza Kushushwa

Saa moja asubuhi, ukungu bado umeifunika Mbinga. Othmar Ndunguru anapangusa kioo cha kompyuta ya kinu cha kahawa na kuandika amri kwa kidole kimoja. Orodha inatokea: programu ya printa, ya madaraja ya kahawa, ya mizani. Zote tatu zimepakiwa, na kumbukumbu ya mashine imejaa.

"Ni kama lori," anasema. "Gunia lililopanda mwisho ndilo linaloshuka kwanza. Chomoa la chini uone, yote yanakuangukia."

Othmar, 52, mzaliwa wa Kitura, aliishia darasa la nne. Alikuwa akipiga magunia chapa. Mwaka 1995, biashara ya kahawa ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, mafundi walikuja kufunga mashine hii, naye akanakili amri zao kwenye daftari. Leo, miaka miwili baadaye, yeye ndiye anayeiendesha, akilipwa shilingi 38,000 kwa mwezi.

Mwezi uliopita meneja wake, Damiano, alimwamuru aondoe programu ya printa, iliyopakiwa kwanza, ili kupata nafasi. Othmar alikataa mara mbili, ya tatu akatii. Mashine ikaganda, madaraja ya sampuli za siku nzima yakapotea. Barua ya onyo akaandikiwa yeye. Ya pili itamfukuza kazi.

"Mkubwa hakosei, anakosewa," anasema.

Uchungu huo ni wa siku nyingi. Mkewe, Emerensiana, alifia kwenye machela njiani kwenda hospitali. Gari la wagonjwa lilikuwa limepeleka viongozi mkutanoni.

Saa nne Damiano anaingia. "Mzee, toa ile ya printa. Wanunuzi wanakuja na programu yao."

"Hata shikamoo hakuna, unataka niharibu tena?"

Devotha, karani, anaficha kicheko kwa kanga.

"Shikamoo. Haya, toa."

"Marahaba. Andika hapa kwamba umeniamuru, utie sahihi."

Damiano anashika kalamu, anakitazama kioo, anairudisha kalamu mezani. "Toa unavyojua wewe, baba."

Othmar anashusha ya mizani, ya madaraja, mwisho ya printa, kila mara akingoja mashine ijibu. Kisha anazipakia upya zile mbili zinazohitajika. Nafasi imepatikana, na hakuna kilichopotea.

Kabla msimu mpya haujaanza, anataka kubandika utaratibu huo ukutani kwa Kiswahili, na sahihi ya meneja chini yake.

"Mimi siku moja nitaondoka," anasema. "Sitaki Devotha naye aandikiwe barua kwa kosa la mkubwa."